Nyasi Kwanza, Mtu Baadaye

Fundi Nfaume,

Mimi sijambo. Hofu juu yako sina tena, maana huko uliko hakuna baya jingine la kukufika. Jana tumekusomea arobaini. Pilau ilitosha, na watu walikuja wengi, hata wale uliowapiga picha za bilheti, za kitambulisho, macho yamefumba ukakataa kuwarudia. Wote walikusifu. Shekhe akasema ulikuwa mtu mwaminifu. Mimi nikainamisha kichwa nikatazama mkeka.

Kibanda sasa ni changu, mkeo kaniachia. Mlango nimeupaka kijani, na lile pazia lako lenye maua nimelitoa, nikaweka shuka jeupe. Wateja wanasema pamechangamka. Ungekuwepo ungenuna siku tatu.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelijua wewe ukiwa umeshakufa, na umeninyima hata mtu wa kumgombeza. Mama yangu amelala Quitunda, huku tulikohamishiwa, kwenye makaburi mapya, katika safu ya makaburi matatu, na sijui lake ni lipi. Huu ni mwaka wa pili nasimama pale sijui nielekee wapi. Miaka yote miwili nilidhani najua ni kosa la nani.

Nianze na Kipofu, kwani ndiye mliyependana. Yule mtafiti wa mimea aliyekuja na watu wa gesi, siku zile walipokuwa wanapima ardhi yetu kila kona, alikuachia ile kamera kwa kuwa ilikuwa na ufa na yeye anarudi kwao. Akakueleza kwamba ndani imetolewa kioo fulani, ndiyo maana inaona mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Majani mabichi yanatoka meupe, mbingu inatoka nyeusi, na macho ya watu yanakuwa matundu mawili ya giza. Kwa ajili ya hayo macho ukaiita Kipofu. Mteja wa kwanza alipojiona aliacha kiatu mlangoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ulinifundisha vizuri, hilo siwezi kukunyang'anya. Kabla ya kila picha ulikuwa unaniinamisha, lenzi nailekeza kwenye nyasi, kamera ipime pale, ijue kipi kiwe cheupe. Ndipo niinue kwa mtu. Nyasi kwanza, mtu baadaye. Ulilisema neno hilo asubuhi na jioni, nikawa nalisikia hata nikichuja tui.

Halafu ukawapata wenzio kwenye simu. Watu saba, na kundi lenu mkaliita Macho Mengine. Hamisi wa Mtwara, yule fundi saa, aliyeifungua kamera yake mwenyewe kwa bisibisi na kuking'oa kile kioo. Mwalimu mmoja wa Pemba. Wengine sikuwahi kuwajua. Hapakuwa na salamu wala kuulizana watoto, ni picha tu na mipangilio chini yake. Tundu nane, kasi mia na ishirini na tano, ISO mia mbili, nyasi zipimwe kabla ya saa nne. Ukituma minazi yetu, myeupe mitupu kama imefungwa sufi, unakaa na simu mkononi unangoja. Wakisema mashaallah, siku hiyo hata mimi nachekewa. Wakinyamaza, nagombezwa kwa vumbi ambalo sikulileta mimi.

Unaikumbuka siku uliyonipiga nimesimama kando ya kisima na buibui langu jipya, jeusi tii? Kwenye picha likatoka jeupe, kichwa mpaka miguu. Nikakwambia umenivika sanda ningali hai. Ukanifafanulia kwa upole kwamba Kipofu haijali rangi za dukani, inazipita tu kama hazipo, na tukanunua muhogo wa kuchoma tukala njiani. Naitaja siku hiyo kwa sababu wewe ulijua tangu pale. Na mimi nilijua. Nilikuwa na akili ya kutosha kuunganisha, sikuunganisha. Hilo nalibeba mwenyewe.

Ikaja habari ya kuhama kupisha gesi. Nyumba zinahama, mashamba yanahama, na waliokufa wanahama na wao. Waliokuwa na jiwe lililochongwa hawakuwa na shida. Mama alikuwa na kibao cha mti tu. Amade, jirani yetu, ndiye aliyeombwa aviandike namba vibao vyote, kwa sababu ana mwandiko wa shule ya wamisionari, ulionyooka. Akaandika kwa kalamu nene ya buluu waliyompa. Mama akapata kumi na saba. Na wewe ukaombwa na wazee upige picha kila kaburi na namba yake, ili huko tuendako lisipotee la mtu.

Wanawake hatuingii makaburini siku ya maziko, na kule kuhamisha nako kulihesabiwa maziko. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa wewe. Nilikwambia, Fundi, nipigie mama, na namba yake isomeke. Ukaniambia, nimekusikia, mwanangu. Mkoba niliufunga kwa mikono yangu. Niliweka kamera zote mbili, Kipofu na ile ya kawaida ya bilheti, na betri za zote mbili nilizijaza.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ulirudi msikitini na mkate wa kumimina, ukanigawia kipande kikubwa kuliko chako. Ukaniambia nisifagie, nipumzike, kesho itakuwa siku nzito kwangu. Ukaniuliza mama alikuwa anapenda kupika nini. Katika miaka sita hukuwahi kuniuliza habari ya mama. Nikalia, nikasema moyoni, Mungu kanipa baba mwingine.

Jumamosi wakahamishwa. Vibao viling'olewa vikafungwa kamba pamoja na kila mtu wake, lori likaondoka, na mvua ikawanyeshea njia nzima. Walipofika wino umeyeyuka wote. Wazee wakasema hakuna neno, Fundi anazo picha. Waliokuwa na alama nyingine, kome au chupa au jiwe, wakatambulikana. Wakabaki watatu. Tukaja kibandani, ukafungua kompyuta, na picha zikawa nzuri ajabu. Mikorosho myeupe, mbingu nyeusi, makaburi yametulia, na vibao vitupu.

Ukatazama chini, ukasema ulipofika pale namba zilikuwa zimeshafutika. Ukasema labda ni umande. Ukasema Amade hakubonyeza kalamu sawasawa.

Tulimla nyama Amade, Fundi. Hakuna aliyemnyoshea mkono, lakini salamu zake zikawa haziitikiwi. Mkewe akifika kisimani, ndoo zinatolewa anabaki peke yake. Mimi nilimfuata mpaka sokoni, mbele ya watu, nikamwambia mkono ulioandika vile ukauke, na asife mpaka auone umekauka. Alikuwa ameshika fungu la dagaa, akaliweka chini taratibu, akaondoka bila kulichukua. Mwezi ule ule akahamia Awasse na watu wake. Wewe jioni ile uliniambia nimesema kweli tupu. Ulikuwa unafuta lenzi ya Kipofu na kile kitambaa chako cha njano.

Ulipougua homa nilikaa na wewe siku zote tatu, nakupa uji kwa kijiko. Ulikuwa na ulimi. Uliutumia kuniuliza kama betri ziko kwenye chaji.

Baada ya kisomo cha siku ya saba, mkeo aliniita akanipa Kipofu na simu yako, akasema chukua, haya ni mambo yenu. Nikaifungua ili niwaambie wale wa Macho Mengine kwamba umefariki. Nikapanda juu kwenye ujumbe wa zamani, nikapanda, natafuta picha yako hata moja ambayo una macho. Nikakutana na mama.

Alhamisi ile ile, saa kumi jioni. Uliwatumia kaburi lake. Sikulijua kwa namba, nililijua kwa mkorosho wenye tawi lililovunjika, niliokuwa nikiukwea utotoni. Chini yake uliandika tundu nane, kasi mia na ishirini na tano, nyasi zimepimwa saa tatu unusu. Wakakupigia mashaallah watu wanne. Mwalimu wa Pemba akasema hii ndiyo picha yako bora, akaomba aiweke mwanzo wa simu yake. Hamisi peke yake akauliza, Fundi, mbona kibao hakina maandishi? Nawe ukamjibu pale pale, nayaweka hapa kama ulivyoyaandika: "Kipo na namba, wino wa buluu hauonekani kwa Kipofu. Ndiyo uzuri wake."

Ulikuwa na Ijumaa nzima. Makaburi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kamera ya kawaida ilikuwa ndani ya mkoba ule ule, imejaa chaji. Hukwenda. Nadhani uliona haya kurudi, watu wakuulize jana ulikuwa unapiga nini. Ukaona heri uninunulie mkate wa kumimina.

Nilikaa na simu ile mpaka chai ikapoa na utando juu. Nilikupenda, we mzee. Ndiyo maana nakuchukia kwa utulivu hivi, sina hata haraka.

Sasa nikupe habari ya kibao chako. Mkeo alitaka kisimikwe kwenye arobaini, akaniomba niandike mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nilinunua mti mzuri, nikaupiga msasa. Chini ya meza ya kibanda pana kopo la rangi nyeusi ya mafuta, ile isiyotoka hata kwa mvua ya mwaka. Nililitazama kopo. Nikalisukuma ndani zaidi, nikatoa kalamu nene ya buluu. Nimeliandika jina lako lote, na la baba yako, herufi zimenyooka. Jana kila mtu alisema limependeza, na mkeo akanishika mkono akalia.

Leo asubuhi nimekwenda na Kipofu. Niliinama kwanza kama ulivyonifundisha, nikapima nyasi za pembeni ya kichwa chako, kisha nikainua. Umetoka vizuri. Nyasi nyeupe, mbingu nyeusi, udongo umetulia, na kibao kitupu. Nimewatumia Macho Mengine na mipangilio yote, sikuwaficha kitu. Mashaallah zimekuja tano, moja zaidi ya za mama. Hamisi, yule yule, akauliza ni kibao cha nani. Nikamjibu wino wa buluu hauonekani, ndiyo uzuri wake. Ameyasoma, nadhani amekumbuka.

Kutoka pale nilikwenda kwa wale watatu. Namsomea wa kwanza, namsomea wa pili, namsomea wa tatu, na kila mmoja namwita mama. Mmoja wao nasikia alikuwa mwanamume, mvuvi. Anisamehe.

Ahadi yangu kwako ni hii. Jumatatu napanda chapa, gari la abiria, niende Awasse. Nitampigia Amade magoti mbele ya nyumba yake, watu wakiona, kama walivyoona sokoni. Nitamwonyesha maneno yako kwenye simu, ayasome kwa macho yake. Halafu nitampa lile kopo la rangi nyeusi pamoja na brashi. Akikubali kuja, yeye ndiye atakayeandika jina lako kwa ule mkono wake nilioulaani, na sitaongeza wala kupunguza herufi. Akikataa, sitamsihi kwa ajili yako. Mvua zimebaki wiki chache, na jina lako litakwenda ilikokwenda namba ya mama. Mkeo akiniuliza, nitasema labda ni umande.

Baki salama, Fundi wangu. Nyasi za kwako zimeota vizuri, nimeshazipima.

Mwanafunzi wako,
Atija