Seli za Bati Juu ya Paa la Jiko

Jumanne, 8 Aprili 2025
Siku ya ishirini na saba. Seli zangu tatu za umeme wa jua, kati ya sita, bado zina asilimia themanini na tatu ya nguvu za mwanzo — themanini na tatu! Zikifika Ijumaa bila kushuka chini ya themanini, nimetimiza siku thelathini, mradi unaendelea. Zikishuka, unafungwa. Dokta Mathias, msimamizi wangu, kasema hivyo bila kupepesa.

Mama kauliza tena kwa nini seli hizi hazitulii. Nikamwambia wenzetu hutumia madini ya risasi, zinatulia, lakini ni sumu; zikivunjika inaingia shambani. Mimi nimeweka madini ya bati. Bati haliwezi hewa. Hewa ikipenya tu, weusi wa seli unapauka, umeme kwisha. Kinachoizuia ni gundi ya pembeni. "Basi ni mtoto njiti," Mama akasema. Kabisa!

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Themanini na moja. Moshi wa bani la kukaushia tumbaku la jirani yetu Masanja umezipaka masizi. Sithubutu hata kupangusa. Nimekaa nazitazama tu. Nachukia kukosa la kufanya!

Alhamisi, 10 Aprili
Nilikwenda Isikizya kuchapisha ripoti. Narudi Goweko, ua umefagiwa, viti vya kuazima vimepangwa. Jumuiya ya kanisa inasali kwetu leo saa kumi. Mama mlangoni, anacheka, mikono majivu hadi viwiko.

Alipanda ngazi. Kazisugua seli zote kwa gunzi na majivu, pembeni zaidi, maana kulikuwa na utando unaong'ang'ania. Gundi yangu! Eti wageni wasije wakakuta kitu cha mwanawe kichafu juu ya paa. Akauliza kama zinapendeza.

Nikasema zinapendeza. Jamani. Miezi saba ya maabara, nami nasema zinapendeza.

Saa tisa nikapima. Ya kwanza sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu kumi na mbili — kisha tisa, naiangalia hivi hivi. Zimepauka zote.

Sina hata wa kumkasirikia. Ningekuwa naye ningepumua.

Nimejifungia chumbani. Mama bado hajui. Dokta katuma ujumbe, anataka namba za leo. Sijajibu. Nje wanasali, nasikia kila neno.

Mama Advera, mwenyekiti wa jumuiya, anauliza nani ana nia ya kuombea. Mama anashukuru kwa kazi ya binti yake Julieth, imebaki siku moja tu. Anasema na yeye kaweka mkono wake — kaziosha mwenyewe. Wanampigia makofi. Maisha yangu yote sijamsikia Mama akijisifu mbele za watu.

Sala imekwisha. Wanataka kuziona zikifanya kazi. Mama anagonga, "Mwanangu, toka na ile mita yako, wanakusubiri." Nimesema nakuja. Anagonga te—