Kwa Velika, Aliyetaka Kujinunulia Mkate Mwenyewe

Mwaka umetimia, Velika, tangu ulipotoka kwenye mlango huu kwa mara ya mwisho. Ulitoka umebebwa, jambo ulilolichukia kuliko yote. Leo asubuhi mama ameondoa kitambaa cheusi tulichokitundika hapa siku ile, akakikunja kama ulivyokuwa ukikunja nguo za wateja, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Kaka yako Asparuh akatoka nje kuvuta sigara, na sisi tuliobaki tukaanza kutafuta gundi ya kubandikia tangazo hili.

Tulizoea kuamshwa na cherehani yako. Basi la kiwanda cha nguo lilipopinduka na miguu yako ikagoma, ulikihamishia kiwanda chumbani. Kikapu chekundu kilishuka kwa kamba kutoka roshani yetu ya ghorofa ya tatu, watu wakatia suruali ndefu mno, zipu zilizokufa, makoti ya kurithishana, kikapu kikapanda. Jioni kilishuka tena na kazi imekwisha, na mara nyingi juu yake kulikuwa na kipande cha mkate wa jibini, kwa sababu ulijua nani katika jengo hili anaishi peke yake na anakula nini.

Ulikuwa na ulimi pia, tusijifanye. Tsonka wa ghorofa ya tano alipoleta sketi ileile ipanuliwe kwa mara nyingine, ulimwambia kutoka roshani, mtaa mzima ukisikia: "Mwenzangu, kitambaa kimekwisha. Sasa upungue wewe." Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Wifi yako Nevena, ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote, naye hakupona. Ulisema supu yake ya maharage ingefaa kubandikia karatasi ukutani. Leo gundi ilipokwisha tukiwa hatujamaliza, tulitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake amekumbuka nini.

Kila siku baada ya chakula cha mchana ulishuka na lifti. Lifti ilikufikisha mpaka hapa mlangoni, na hapo ndipo safari yako ilipoishia, kwa kuwa nje ya mlango kuna ngazi. Ni chache tu, watoto huziruka. Ulifunga breki za kiti chako cha magurudumu, ukakaa ukiutazama mtaa kupitia kioo. Duka la mkate liko ng'ambo ya barabara. Ulijua mkate wa moto umetoka kwa kuona watu wanavyoumega njiani, kabla hawajafika kwao. Kiti chako kimeacha alama nyeusi ukutani pale ulipokuwa ukikigeuza kurudi juu, na mama amekataa isipakwe rangi.

Ulichoomba ni njia ya mteremko, basi. Wakazi wote wanaotumia mlango huu walikusanyika nje, chini ya ngazi, nawe ukawa juu yao kizingitini. Mwenyekiti wetu, Mzee Gancho, alieleza kwamba njia hiyo ingefunika mahali anapoegesha gari lake, na mawaridi ya Tsonka yangeng'olewa. Mzee Gancho si mtu mbaya. Tunasema hivyo kwa sababu ungetaka tuseme, na kwa sababu kila vuli humpandishia mama gunia lake la viazi bila kuombwa.

"Velika binti yangu," alisema, "ya nini kuharibu mlango? Ukitaka kutoka, tugongee bomba la hita, linasikika jengo zima. Wanaume tupo. Tutakubeba kama bibi harusi."

Watu wakacheka, na wewe ukacheka nao. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, hata waliokuwa nyuma wakanyamaza ili wakusikie: "Mzee Gancho, mimi sitaki kubebwa. Nataka kwenda kununua mkate bila kumshukuru mtu."

Mikono ikanyooshwa kupiga kura, waliokataa wakawa wengi. Kesho yake kikapu kilishuka kama kawaida, na suruali zao zikapanda.

Manispaa nayo, baada ya Asparuh kuwasumbua miaka na miaka, ikaleta msaada wake: reli mbili za chuma zilizolazwa juu ya ngazi zilezile, kwa mwinuko uleule. Padri akazinyunyizia maji ya baraka kwa kishada cha majani ya mrehani, picha zikapigwa, na bwana mmoja mwenye tai akakukaribisha ujaribu, akisema ni zako. Ukamjibu kwa upole kwamba labda zingefaa mapipa. Asparuh hakutaka kuamini kwamba kazi yake yote imeishia hapo, akakukamata kiti akakushusha. Mkaishia wote wawili kwenye mawaridi ya Tsonka, na kifundo cha mkono wako wa kukatia kikavunjika. Cherehani ilinyamaza mpaka majira ya kuchipua, na nyumba ikawa ngeni kwetu.

Kuhusu mapipa hukukosea. Vuli ikifika, majirani huviringishia mapipa yao ya kabichi za kuchachusha kwenye reli hizo mpaka ndani, na hupongezana kwa wepesi wa kazi. Kabichi zina njia yake katika mlango huu.

Januari ile ulipoanza kukohoa, tulitaka kuita gari la wagonjwa mapema. Ulikataa. "Nje kuna barafu, wifi," ulisema. "Wataniangusha, au mtu wa watu avunjike kiuno kwa ajili yangu. Ngoja iyeyuke." Kila asubuhi uliuliza kama imeyeyuka. Haikuyeyuka. Tulipiga simu ulipokuwa huwezi tena kutukataza, na huko hospitali walituuliza mbona tumechelewa. Tungewajibu nini? Kwamba kati ya kitanda chako na kitanda chao kulikuwa na ngazi chache? Tulinyamaza. Lakini leo tunasema, na hapa mlangoni tunaliandika, kwamba si mapafu peke yake yaliyokuua, Velika, na uchungu huo haujatutoka.

Siku ya mazishi, ulipokuwa umerudishwa nyumbani kuagwa, wanaume wa mlango huu walikuja wote. Hakuna aliyegongewa bomba. Mzee Gancho alishika jeneza mbele kabisa, akilia bila kujificha. Walikushusha polepole na hakuna aliyeteleza, maana ngazi zilikuwa zimemwagiwa mapema chumvi ya kuyeyusha barafu. Gari lake Mzee Gancho alikuwa amelisogeza, ili lile la maiti lipate nafasi. Walivaa suruali nyeusi, na pindo za zote ulizishona wewe.

Jumapili hii tutakuja makaburini na ngano ya kuchemsha, ile ya sukari na njugu uliyokuwa ukiidokoa kabla ya padri kuibariki, na divai ya kumwagia kaburi lako. Tukirudi, wakazi watakutana tena nje, kwenye ngazi. Ni mama aliyeomba mkutano. Mzee Gancho alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Bibi Yordana," alisema, "Mungu amrehemu Velika, lakini sasa nani ataitumia njia hiyo?"

Mama alikuwa anatoka dukani. Alikuwa amesimama katikati ya ngazi, mkate kwapani, ameegemea ukuta ili pumzi imrudie. Mzee Gancho naye, aliyekuwa akipanda nyuma yake, alikuwa ameweka mkono juu ya goti. Wote wawili walibaki pale mpaka walipoweza kuendelea.

Matangazo ya wafu wengine katika mlango huu yamebandikwa juu, usawa wa watu waliosimama. Hili lako, Velika, tumelibandika chini, kwa kimo cha macho yako. Picha yako inatazama ng'ambo, kwenye duka la mkate. Watu watanung'unika kwamba tumewasumbua. Tuvumilie, tuseme nao kidogo.

Wewe jirani uliyeinama kusoma, umefika mwisho. Unaponyanyuka, angalia umeshika nini ili usimame: kitasa, ukuta, goti lako, au bega la mwenzako. Mkono huohuo, Jumapili, unyooshe.

Unakumbukwa na mama yako Yordana, ambaye bado husikia cherehani. Kaka yako Asparuh, ambaye hakanyagi reli zile. Wifi yako Nevena, ambaye supu yake haijabadilika. Na Ralitsa, anayekuita shangazi anapopita kwenye ile alama ya ukutani.

Kila tupandapo na kila tushukapo hapa, Velika, utakuwa nasi daima.