Waliokataa Kuchimba Kaburi la Baba

Kalamba,
Jumanne.

Kwa mdogo wangu Mbaluka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe na watoto hapo Mtito Andei mmeamka salama, na kifua chako kimepata nafuu baada ya vumbi la mazishi. Sisi tu wazima, ila goti langu ni lile lile. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia nikakata.

Nimesikia umenunua seng'enge uzibe njia ya kwenda bwawani, majirani wakome. Hasira yako naijua. Baba ndiye aliyewaita watu hawa kwenye mwethya wa kwanza wa kazi za pamoja za kijiji, akiwapigia filimbi alfajiri, wakachimba matuta na kujenga lile bwawa la mchanga kwa mikono yao. Mwethya huo ndio umechimba kila kaburi hapa. La Baba likachimbwa na vibarua kutoka Emali! Majirani walikula wali wetu, wakapangusa midomo, na hakuna hata mmoja aliyegusa jembe. Iliniuma sana.

Wanasema Baba alimuua mtoto wa Kalondu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mwaka ule wa njaa, aliyekosa mwethya bila kutuma neno alitozwa mbuzi. Kalondu, mjane, alikosa siku mbili, na Baba akaenda mwenyewe akamfungua mbuzi wake wa maziwa. Kalondu alilia kwamba mtoto ni mgonjwa na neno alishatuma, tena kwa binti wa mzee mwenyewe. Baba akaniita mbele ya watu akaniuliza. Nikasema sikutumwa. Akawaambia wote kwamba binti yake hasemi uongo. Mtoto alikosa maziwa, akafa wiki ya pili.

Mbaluka, nilitumwa. Nilikutana na wenzangu mtoni tukacheza bano, nikasahau, kisha nikaogopa fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Lakini nimekuwa mtu mzima miaka mingi, na bado nilimwacha Baba azeeke akipitwa njiani bila salamu. Hata katika ugonjwa wake alinishika mkono akasema angalau mimi sikuwahi kumwaibisha. Nikamfunika blanketi.

Nimefika langoni kwa Kalondu mara mbili nikarudi. Jumamosi nitaingia, uje au usije. Siombi unisamehe. Naomba usiwanyime maji watu waliomchukia Baba kwa kosa langu.

Msalimie Kanini na watoto. Wasomee barua hii, wajue babu yao alidanganywa, na aliyemdanganya ni nani.

Dada yako,
Kavata