Miche ya Paini Shambani kwa Mama Kolumba

Njombe mjini

Kwako mdogo wangu Festo,

Nianze na salamu, nisije nikaonekana sikufunzwa adabu. Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo? Mguu wake umepungua kuvimba, au bado anawaficha masista wa hospitali? Wifi na watoto je? Mimi mzima, ila baridi ya huku asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa. Barua hii isome kwa sauti mbele ya Mama. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia.

Festo, umenivua nguo mbele za watu!

Unajua vizuri nilivyofika hapa. Nilikuwa nafua mashuka ya madereva wa malori kwenye nyumba ya wageni Makambako. Njombe ilipofanywa mkoa na Mkuu wa Mkoa akaletwa, walitafuta mtu wa kupika chai ofisini, nikapata. Chai, Festo. Maji, majani, maziwa, sukari. Muhuri wa serikali sijawahi kuushika, nafuta tu vumbi kwenye meza ulipo.

Basi Alhamisi ilikuwa siku ya kusikiliza kero. Watu wamejaa uani chini ya turubai, Mkuu kakaa mbele, mimi napita na chupa ya chai. Akasimama mama mmoja, viatu vimejaa udongo mwekundu. Natazama hivi, Mama Kolumba! Jirani yetu, mjane wa watu, yule aliyekunyonyesha Mama alipolazwa.

Akasema, "Mheshimiwa, nimetoka Lugarawa. Kijana wa jirani amepanda miche ya paini kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Nikimkataza ananiambia nikashtaki ninakotaka, dada yake ndiye mkubwa ofisini kwako, barua zote zinapita kwake."

Mkuu akawageukia wasaidizi wake. "Nani huyo mkubwa?" Wakatazamana. Mama Kolumba akataja jina langu.

Chai ilinimwagikia vidoleni. Ningeweza kuinama nikarudi zangu jikoni. Nikasema, "Ni mimi, Mheshimiwa." Watu wakaangalia chupa, wakaangalia aproni, wakaangua kicheko. Mama Kolumba hakucheka. Alinitazama, akasema taratibu, "Kumbe unapika chai, mwanangu. Na mimi nilikuwa nakuogopa."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Mtu aliyekubeba mgongoni aniogope mimi! Huna haya wewe? Ni pombe ya ulanzi imekutia ujinga huo? Au ulijua kwamba huku kwetu mwenye miti ndiye huhesabiwa mwenye shamba, ukaona miche ikishika tu, mama wa watu hana lake tena?

Mkuu hakunifukuza. Aliniuliza kama nilikuwa najua, nikasema sikujua, akaagiza shamba likaguliwe. Lakini sasa ofisini wananiita "Mkubwa", na karani mmoja ameanza kufunga kabati nikiingia kufagia. Tangu nianze kazi hajawahi kulifunga. Mama Kolumba nilimlaza kwangu, asubuhi nikampeleka stendi. Hakukusema vibaya hata kidogo. Aliniuliza tu kama una afya. Nikajifanya natafuta nauli kwenye pochi.

Msalimie Mama, umwambie alie kama anataka kulia, lakini asikutetee. Wifi nampa pole. Mjomba fundi mbao mwambie asikupe tena miche. Katekista aliyenifundisha kusoma mpe salamu nyingi, mwambie kusoma kumenisaidia kuandika hii.

Sasa nisikilize. Ulitaka uwe na dada mkubwa wa mkoa, haya, umempata. Mkubwa anaamuru: miche yote utaing'oa kwa mikono yako, mchana kweupe, Mama Kolumba amekaa kwenye kiti anakutazama. Na kiti umbebee wewe.

Dada yako, mpika chai,
Skola