Anwani Aliyoiacha Mtu Mwingine

Kimumu, Eldoret

Kwako dada yangu Nafula,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Busia, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu aanze ile dawa ya kupaka. Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kuhudumia wateja wa mtandao pale cyber bado ninayo, na chumba nilichopanga hapa Kimumu hakivuji. Juzi kwenye simu ulisema siku hizi nakujibu kwa mkato, ukauliza kama kuna jambo. Lipo. Si jambo la kusema huku salio linaisha, ndiyo maana leo nimetoka kanisani nikakaa chini niliandike.

Unamkumbuka Mama Nyokabi, mwenye ile ploti ya vyumba niliyokuwa nimepanga mtaa wa Munyaka hapa mjini, aliyekupikia mukimo ulipokuja kunitembelea. Wale vijana walipokuja baada ya matokeo ya kura kutangazwa, waliniuliza kabila langu nikiwa mlangoni. Nikawaambia. Mmoja akasema kwa adabu kabisa, "Basi toa vitu vyako, madam. Wewe hatuna shida na wewe." Nikatoa godoro na sufuria nikaweka barabarani, na nikiwa nimesimama hapo kando ya godoro langu, wakamwaga petroli. Mama Nyokabi, ambaye kabila lake ndilo walilokuwa wakilitafuta, alikuwa amejifungia ndani. Majirani walimtoa kwa dirisha la nyuma akiwa hai, lakini moshi ulikuwa umeshamwingia. Sauti yake haikurudi tena. Alikuwa akiongea unasikia kama mtu anakwaruza sufuria iliyoungua.

Msichana wake Nyokabi, mtoto wake wa pekee, alikuwa mjini kwenye saluni alikokuwa anasuka. Alipoona moshi upande wa Munyaka, alipanda lori pamoja na watu waliokuwa wanakimbilia Nakuru. Simu ya mama iliteketea ndani ya nyumba, ya msichana ilipotea katika kukimbia. Namba zote zilikuwa ndani ya simu, hakuna aliyezijua kwa kichwa. Mama akapelekwa kambini, akakaa huko hadi watu walipoanza kurudi. Ndugu zake walikuwa wamekosana naye tangu zamani kwa sababu ya shamba, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa katikati wa kuulizwa.

Kulikuwa na tovuti iliyofunguliwa na watu wa kanisa fulani Nairobi, ya kutafutana. Unaandika jina la mtu wako, unaacha namba, na aliyemwona anakujibu hapo chini. Nikamwandikia Mama Nyokabi tangazo lake. Tangu hapo alikuwa akija cyber kila nikifungua mlango, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na meza yangu, anauliza, "Ameandika?" Nikimwambia bado, anakaa tu, anaangalia kompyuta za watu.

Halafu asubuhi moja, baada ya umeme kupotea usiku, nikafungua ile tovuti ikakataa. Ikaandika kwamba tumezuiwa kwa sababu ya matusi. Nikajaribu kompyuta zote, ikawa ni hivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba ya simu ambayo nilikuwa nimeiandika ukutani, nikapiga. Akashika kijana.

"Hiyo anwani yenu ya mtandao ndiyo imekuwa ikiandika upuzi hapa," akasema. "Mtu anaweka tangazo la kutafuta mtoto, nyinyi mnajibu kwamba mlimchoma. Mnaambia watu waje wachukue mifupa. Mko na roho gani?"

Nikamwambia sisi hatujaandika kitu kama hicho, hapa ni cyber, na kuna mama amekaa mbele yangu anatafuta msichana wake.

"Uko wapi?"

"Eldoret."

"Na unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Eldoret, na unaitwa Nekesa," akasema. "Nyinyi ambao hamkuchomewa si ndio mlikuwa mnawaonyesha nyumba za kuchoma?" Akakata. Nilipopiga tena hakushika, wala siku zilizofuata hakushika.

Mama Nyokabi akauliza, "Amesema nini?" Nikamwambia mtandao una shida, fundi anakuja.

Fundi alikuja kweli, lakini baada ya siku nyingi, na baada ya mimi kumlilia sana kwa simu. Anaitwa Kiprop, ametumwa na kampuni inayotuuzia mtandao, kijana mpole. Nilipomweleza, akaangalia mashine yetu ndogo ya mtandao, ile yenye taa za kijani, akatikisa kichwa.

"Hiyo anwani si yenu," akasema. "Kampuni iko na anwani chache na wateja wengi. Mkiwasha hii mashine, mnapewa moja iliyo wazi. Mkizima, inarudi kwa kampuni, na anapewa mtu mwingine."

"Kama kitanda cha wodi," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Mgonjwa akitoka, mwingine analala hapo hapo. Sasa kuna mtu wa hapa mjini alikuwa na hii anwani, akaandika hayo matusi. Nairobi wakaona anwani tu, hawaoni mtu. Wakaifungia. Umeme ulipopotea na kurudi, ikawaangukia nyinyi."

"Na yeye je? Amezuiwa?"

Kiprop akawa anakunja waya mkononi. "Yeye akizuiwa, anazima mashine yake, anangoja, anawasha. Anapata anwani ingine safi. Anaingia, anaendelea."

"Lakini kampuni yenu inajua ni nani."

"Rekodi ziko. Lakini ni lazima polisi waje waulize." Akaniangalia. "Umeona polisi wakiuliza kuhusu nyumba zilizochomwa? Sasa watauliza kuhusu maneno?"

Dada, hilo limenikaa mpaka leo. Wakati huo hapa Eldoret hakukuwa na watu wengi wenye mtandao wao. Labda wenye maofisi, labda wenye nyumba kubwa za Elgon View. Kwa hiyo si wale vijana waliokuwa barabarani na mishale. Ni mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti kizuri, labda na chai pembeni, anasoma majina ya waliopotea moja moja na kuwajibu. Naye anajisafisha kwa kubonyeza swichi, uchafu wake unabaki kwa mama aliyekaa kwenye kiti changu cha plastiki.

Kiprop akatuambia tuzime mashine tuiache imezimwa muda mrefu, ili ile anwani ichukuliwe na mtu mwingine. Sikumwuliza huyo mtu mwingine atakuwa anatafuta nini. Tulizima. Mchana tukawasha, na tovuti ikafunguka.

Nyokabi alikuwa ameandika.

Alikuwa ameandika wakati sisi tumefungiwa nje. Hakuwa ameliona tangazo letu; alifungua lake mwenyewe, la kumtafuta mama yake: "Mama, ni mimi. Niko Nakuru, niko mzima. Namba yangu ni hii." Chini yake kulikuwa na jibu kutoka kwa mtu asiye na jina. Alisema anatoka Munyaka, ni jirani. Akaandika kwamba Mama Nyokabi aliungulia ndani ya nyumba, kwamba alikuwa akimwita msichana wake mpaka mwisho, na kwamba kilichobaki kilizikwa na wengine. Hakutukana hata kidogo. Aliandika kwa upole, na akamalizia na pole. Yule kijana wa Nairobi alifuta matusi yote, lakini hilo aliliacha, kwa sababu halikufanana na matusi.

Nyokabi alikuwa amejibu: "Asante kwa kunijulisha."

Nilimsomea Mama Nyokabi ile sehemu ya kwanza tu, kwamba mtoto ni mzima. Alishika meza kwa mikono miwili. Nikampigia Nyokabi kwa simu yangu, ikaita, nikampa mama.

"Nyokabi, ni mimi, mama yako."

Simu yangu ina sauti kubwa, nilisikia yote. Msichana akasema, "Na wewe ni wa ngapi?"

"Nyokabi, ni mimi."

"Kuna mwingine alinipigia analia hivyo hivyo. Akaniambia nimngoje stendi. Nikangoja mpaka jua likashuka, watu wakinicheka kwa simu. Mama yangu alikufa. Na sauti ya mama yangu naijua, si hiyo."

"Ni moshi, mwanangu. Niulize kitu chochote, nitakuambia ..."

"Mwogopeni Mungu," msichana akasema, na simu ikakatika.

Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa. Haikuwashwa tena, na Nakuru ni kubwa, hatukujua tuanzie wapi kumtafuta. Niliandika kwenye tovuti kwamba mama yu hai, niliandika jina langu lote, nikaandika na cyber ilipo. Hakujibu, nafikiri hakurudi kuangalia. Muda si mrefu wale watu wa kanisa wakashindwa na matusi, wakaifunga tovuti yote.

Mama Nyokabi aliendelea kuja. Hakuuliza tena kama ameandika. Alikaa tu. Kifua chake kilizidi, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Nilikuwa nampelekea uji. Siku moja aliniambia, "Nekesa, ukimpata huyo mtoto, usimwambie kwamba yule kwenye simu alikuwa ni mimi."

Nikamwambia tutamwambia pamoja akipona.

"Sikia," akasema. "Alishanilia, akamaliza. Asinilie mara ya pili. Na hiyo ya pili itamuua."

Tulimzika wiki iliyopita katika makaburi ya hapa mjini, mimi na akina mama wa kanisa lake. Sasa alichoandika yule mtu kimekuwa kweli, na yeye mwenyewe hata hajui.

Na sasa nifike kwenye jambo lililofanya nishike kalamu. Baada ya mazishi, mwanamume mmoja anayeuza mitumba, aliyekuwa jirani yetu Munyaka, aliniambia amemwona Nyokabi huko kwenu. Yuko Busia, anasuka kwenye saluni ya mabati karibu na soko, upande wa kuelekea mpakani. Alimwita kwa jina, msichana akageuza uso akajifanya hajasikia.

Nimelifikiria sana. Mara nasema ana haki ya kujua mama yake alivyomtafuta. Mara naikumbuka ile simu, na namna alivyosema mwogopeni Mungu, na ninaona nikimwambia nitakuwa nimeketi kwenye kiti kimoja na yule aliyemwandikia kwamba mama yake ameungua. Marehemu alinikataza, na mimi nitamtii, hata kama sina uhakika kwamba ni sawa.

Msalimie Mama, umwambie nitakuja mahindi yakivunwa. Msalimie shemeji, na mjomba Wafula anayesaga unga posho mill, na shangazi anayeimbisha kwaya, na mtoto wako mkubwa aliyeanza kuandika jina lake.

Nyokabi ni mwembamba, ana mwanya, na kidole gumba cha kulia kina kovu la pasi ya nywele. Nenda hapo kwenye saluni, dada, ukae kwenye kiti chake akusuke. Usimtaje mtu yeyote wa Eldoret. Ongeeni habari za watoto na mvua. Kisha uniandikie kama amenenepa, na kama anacheka.

Ni mimi mdogo wako,
Nekesa