Ugali Wenye Madonge

Jumamosi jioni, Miyuji

Mchele tena! Nina miaka thelathini na moja, na kila shughuli ya ukoo nawekewa ungo mapajani. "Wewe kaa hapa uchambue mchele, usije ukachoka." Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Lilizibwa nikiwa na miaka minane, lakini kwa shangazi bado niko wodini.

Leo tulikuwa tunaandaa harusi ya mdogo wangu. Shangazi alipokwenda sokoni, nikauchukua mwiko na kusonga ugali wa watu ishirini peke yangu. Moyo ulienda mbio, nikaogopa. Nikasimama, nikahema, ukatulia. Hiyo hofu sidhani kama itaisha.

Shangazi aliporudi akamega tonge, akakunja uso. "Nani kasonga ugali wa madonge hivi?"

"Mimi, shangazi."

Nikasubiri ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa.

"Mtu mzima hujui kusonga ugali! Utatuaibisha kwa wakwe. Kesho unasimama jikoni na mimi."

Wote wakacheka. Mikono inaniuma hata kuandika, na bado natabasamu. Shangazi hajawahi kunigombeza tangu nizaliwe.