Mwisho wa Warusi

Jumatatu, 3 Novemba 1913

Picha ya sinema ninayoiongoza imekwisha! Mimi na mke wangu Thyra tumebusiana mbele ya kamera mpaka Malthe, mpiga picha wetu, akalalamika mkono umechoka kuizungusha. Thyra anakohoa kidogo.

Furaha haikudumu. Holmgaard, mwenye kampuni, kaja na sigara yake. Warusi wanaonunua picha zetu hawataki busu. Huku Kopenhageni mke wa kwenye picha husamehewa mwishoni. Kwa Warusi lazima ajitose baharini. Miisho miwili kwa kila picha — ndiyo biashara yetu.

Nikasema tutupe mwanasesere majini. Akacheka! "Viggo, watu wanataka kuona uso. Mkeo akiogopa baridi, Ellen yupo, naye mwigizaji, tena kijana." Thyra alikuwa nyuma ya pazia. Kasikia yote.

Jumatano, 5 Novemba

Thyra kanigeuzia mgongo. Eti huruma yangu itamnyima kazi, na siku zote nilikuwa wapi nayo? Jukwaani walinizomea kwa sauti yangu ya mbuzi. Kwenye picha hakuna anayenisikia. Sina kwingine pa kwenda. Na ukweli ni kwamba naitaka ile picha ya majini. Naitaka sana.

Alhamisi, 6 Novemba

Ufukweni. Upepo wa kukata masikio. Thyra kaingia majini, kazama, kaibuka chali kama maiti. Uzuri wa ajabu — ila alikuwa anatetemeka.

"Maiti haitetemeki," nikamwambia. "Rudia."

"Ndiyo, bwana mkubwa," akanitania, midomo ya buluu.

Mara ya pili hakutetemeka.

Jumamosi, 8 Novemba

Homa. Daktari kasema mapafu yote mawili. Thyra aliuliza kitu kimoja tu: imetoka vizuri? Nikamwambia sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Akatabasamu. Najichukia.

Jumanne, 11 Novemba

Studio. Imebaki picha moja: mume anamlilia mkewe. Ellen kalala kwenye machela, kavaa gauni la Thyra, nywele zimemfunika uso. Asubuhi Thyra hakunitambua. Nikaja hivyo hivyo! Holmgaard anasema jua la leo likitupita ni mpaka majira ya machipuko, na Warusi hawangoji.

Wingu limeziba jua juu ya paa la kioo. Tunangoja. Naandika gotini, poda usoni. Nimejaribu kulia, wapi! Macho makavu. Malthe hataki hata kunitazama.

Kirstine, mtumishi wetu aliyebaki nyumbani na Thyra, kaingia mbio, hana hata shali. Kamnong'oneza Holmgaard pale mlangoni. Holmgaard kamshika bega.

"Ngoja kwanza, binti. Mwache amalize."

Nimesikia. Kirstine ananitazama, kaziba mdomo kwa aproni. Sijamuuliza kitu. Sijainuka.

Jua linatoka. Holmgaard anapiga makofi — haya, kila mtu mahali pake! Ellen anafumba macho. Malthe kashika mkono wa kamera. Na machozi haya yanakuja, yenyewe, sasa hivi, na mimi nasogea kwenye mwanga ili —